Kuta na misingi isiyopitisha maji: namna ya kuiingiza katika modeli ya maji ya chini ya ardhi

Ukuta wa zege uliozamishwa ardhini, mabati ya chuma yaliyopigiliwa kando ya ufukwe, besimenti iliyo chini ya usawa wa maji, sakafu ya bwawa la kuogelea la hoteli: vyote hivi huyazuia maji ya chini ya ardhi. Mwenye modeli anapovifikia, kishawishi ni kuandika sifuri kwenye seli chache, yaani vile visanduku ambavyo modeli huigawa ardhi, na kuendelea na kazi nyingine. Lakini maji yakizibwa pahala hutafuta pengine. Kwa hiyo suala la kwanza ni njia zilizobaki wazi: chini ya ukuta, pembeni mwake, na kwenye maungio yake. Modeli ikikosa mojawapo, au ikiwa na upenyo ambao ukuta wenyewe hauna, namba zote zitakazofuata zitapotosha.

Maelezo haya yanafuata MODFLOW, programu ya bure ya Idara ya Jiolojia ya Marekani ya kukokotoa mwendo wa maji ya chini ya ardhi, hasa toleo la 6. Anayetumia programu nyingine atabadilisha majina ya amri tu, hesabu ni zile zile. Herufi K hapa ni upitishaji maji wa udongo, jiwe au zege. Kimo ni usawa ambao maji yangefika ndani ya bomba lililosimamishwa hapo.

Kabla ya kuchora gridi

Tafuta mchoro wa ukuta na uangalie vitu viwili: ncha yake ya chini iko wapi, na kina hicho kimepimwa kutoka usawa gani. Hili la pili limeharibu kazi nyingi za pwani. Chati za bandari hupima kutoka usawa wa maji ya kupwa kabisa, na hapa Zanzibar usawa huo uko takriban mita 2 chini ya wastani wa bahari. Wapimaji wa ardhi hutumia wastani wa bahari. Ukichanganya, ukuta wako utakuwa mfupi au mrefu kwa mita 2, na kwa ukuta wa mita 8 hiyo ni robo nzima.

Kisha uliza ncha imekaa juu ya nini. Vitabu vingi vya uhandisi vimeandikwa kwa nchi ambazo chini ya mchanga kuna udongo wa mfinyanzi mzito, na ukuta hushushwa mpaka uingie humo. Kwenye mabonde ya kinamo, na sehemu nyingi za magharibi ya Pemba, jambo hilo linawezekana. Upande wa uwanda na maweni, kuanzia Nungwi kushuka Kiwengwa, Paje hadi Makunduchi, chini ni jiwe la matumbawe lenye matundu, nyufa na mapango. Ukuta hauna pa kukaa. Maji huteremka, hupita chini yake na kupanda upande wa pili. Usifunge chini ya modeli kwa mazoea, funga pale tu ambapo kumbukumbu za uchimbaji wa visima zinaonyesha udongo mzito kweli.

Mjini kuna jambo la ziada. Eneo la Darajani lilikuwa mkono wa bahari uliofukiwa. Ardhi ya kifusi hubadilika ndani ya hatua chache, na K moja kwa uwanja mzima haitoshi.

Kuchagua njia

Umbo la kizuizi ndilo linaloamua. Kitu chembamba kuliko seli, kama ukuta wa zege wa sentimita 60 au mabati ya chuma, kiwekwe kwenye uso unaotenganisha seli mbili. Kitu kinene kinachojaza seli nzima, kama besimenti, kiwekwe kwa kuziondoa seli zake. Kitu kilicholala, kama sakafu au tabaka la udongo mzito, kiwekwe kwa kupunguza K ya wima.

Ukuta mwembamba

MODFLOW ina kifurushi kiitwacho HFB (Horizontal Flow Barrier, yaani kizuizi cha mtiririko wa mlalo), kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1993 kwa kazi hii hasa. Kila mstari wa faili lake una seli ya kwanza, seli ya pili iliyo jirani yake, na namba moja ya ukuta. Namba hiyo ni K ya ukuta kugawa kwa unene wake, na kipimo chake ni "kwa siku" kama modeli inatumia mita na siku.

Tuchukue ukuta wa zege wenye unene wa mita 0.6 na K ya 1 × 10⁻⁹ mita kwa sekunde. Zidisha kwa 86,400 upate 0.0000864 mita kwa siku, gawa kwa 0.6, jibu ni 0.000144 kwa siku. Hiyo ndiyo inayoandikwa.

Kwa mabati ya chuma hesabu ni nyingine, kwa sababu chuma chenyewe hakipitishi kitu, maji hupita kwenye maungio. Mtengenezaji hutoa namba ya uvujaji wa ungio, kwa mita kwa sekunde. Igawe kwa umbali kati ya ungio na ungio. Ikiwa ungio linavuja 1 × 10⁻⁷ na mabati yana upana wa mita 0.6, unapata 1.67 × 10⁻⁷ kwa sekunde, yaani 0.0144 kwa siku. Ni mara 100 ya zege tuliyotaja. Anayeandika mabati kama "ukuta usiopitisha" kwa sababu tu ni chuma amekosea kwa kiasi hicho.

Sasa tuone maana yake ndani ya gridi. Seli za mita 10 kwa 10, maji yamejaa unene wa mita 8, K ya ardhi ni mita 20 kwa siku. Bila ukuta, tofauti ya kimo cha mita 1 kati ya seli mbili hupitisha mita za ujazo 160 kwa siku. Uso kati yao una eneo la mita za mraba 80. Ukiweka zege, zinapita mita za ujazo 0.0115, kama lita 11 na nusu. Ukiweka mabati, inapita takriban mita ya ujazo 1.14. Fanya hesabu hii kwa mkono kwa uso mmoja kisha linganisha na kile modeli inachotoa. Zikitofautiana, vipimo vimechanganyika pahala, na mara nyingi ni sekunde na siku.

Angalia pia alama ya kutoa. Katika MODFLOW 6, namba hasi kwenye HFB haisomwi kama namba ya ukuta. Inasomwa kama kizidisho cha mtiririko uliokuwepo kati ya seli mbili. Ukiandika -1 umeweka ukuta usiozuia chochote, na programu haitalalamika.

Kwa nini tusichukue safu moja ya seli na kuzipa K ya zege? Inawezekana, lakini kwa seli za mita 10 utakuwa umejenga ukuta wa mita 10. Ukinzani wake utazidi wa ukuta halisi karibu mara 17. Ukilazimika kufuata njia hiyo, zidisha K ya zege kwa upana wa seli na ugawe kwa unene wa ukuta: 0.0000864 × 10 ÷ 0.6 ni 0.00144 mita kwa siku. Hata hivyo utakuwa umepoteza mita 10 za ardhi ambayo maji yalikuwa yakipita sambamba na ukuta, pamoja na maji yaliyohifadhiwa humo. HFB haina kasoro hizo kwa kuwa haichukui nafasi yoyote.

Ukuta unaokwenda mshazari

Barabara na fukwe zetu hazifuati safu za gridi, na ukuta wa mshazari huwa ngazi. Hapa ndipo modeli nyingi huvuja. Seli za gridi ya mstatili hazipeani maji kwa pembe, hupeana kwa nyuso tu, kwa hiyo kila daraja la ngazi linahitaji nyuso zake zote mbili: wa safu na wa mstari. Ukisahau mmoja, umeacha mlango wa upana wa seli nzima kwenye ukuta unaodai kupitisha lita 11.

Zaidi ya hapo, ngazi ni ndefu kuliko ukuta. Kwa mshazari wa nyuzi 45 urefu unaongezeka kwa 41 kwa mia, na eneo la kuvuja vile vile. Zidisha namba ya HFB kwa urefu halisi kugawa kwa urefu wa ngazi. Kwa zege tofauti hiyo haitaonekana, kwa mabati yanayovuja itaonekana. Gridi yenye seli za umbo huru, zile zinazofuata mstari wa ukuta, huondoa tatizo lote hili, na kwa eneo dogo tunashauri uianze hiyo tangu mwanzo.

Karibu na ukuta seli ziwe za mita 1 hadi 2, kisha zikue taratibu kwenda nje, kila moja isizidi mara 1.5 ya jirani yake.

Ncha ya chini

Ukuta unaoishia katikati ya tabaka hauwezi kuonyeshwa kwa tabaka moja la modeli. Ligawe. Kama maji yana unene wa mita 8 na ukuta unashuka mita 5, mpaka wa tabaka uwe hasa kwenye mita 5, HFB iwekwe kwenye matabaka ya juu tu, na mita 3 zilizobaki zigawanywe matabaka matatu au manne. Kasi ya maji huwa kubwa kabisa pale nchani, na tabaka moja nene hulisawazisha jambo ambalo ndilo ulilotaka kulipima.

K ya wima sasa inakuwa na uzito kuliko ile ya mlalo, kwa sababu maji yanayozunguka ncha yanashuka na kupanda. Wengi huandika moja ya kumi ya K ya mlalo na kuendelea. Kwenye matumbawe yenye matundu ya kusimama uwiano unaweza kuwa karibu na moja. Endesha modeli kwa uwiano wa 0.1, 0.3 na 1, na utoe majibu yote matatu kwa mwenye mradi.

Besimenti

Besimenti ina ujazo, hivyo seli zake huondolewa. Katika MODFLOW 6 hilo hufanywa kwa IDOMAIN, orodha ya namba inayoeleza hali ya kila seli: 1 ni seli hai, 0 ni seli isiyokuwepo, na -1 ni seli ya kupitisha, yaani seli ya juu na ya chini yake huunganishwa moja kwa moja kana kwamba hakuna kitu katikati. Mtu akiweka -1 kwa besimenti, mvua itapita ndani ya chumba hadi chini bila kizuizi. Weka 0.

Mvua yenyewe ina mtego wake. Kwenye MODFLOW-2005, chaguo la 3 la kifurushi cha mvua hupeleka maji kwenye seli hai ya juu kabisa ya kila safu wima. Ukishaziondoa seli za besimenti, seli hai ya juu ni ile iliyo chini ya sakafu, na masika yote yanaingizwa chini ya jengo. Toleo lolote utumialo, fungua ramani ya mvua iliyozama na uhakikishe eneo la jengo ni sifuri.

Mvua hiyo haikupotea. Imeangukia paa. Unguja hupata takriban milimita 1,600 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita za mraba 400 linakusanya karibu mita za ujazo 640 kwa mwaka, wastani wa 1.75 kwa siku. Kama mabomba ya paa yanaishia kwenye shimo la kunyonya maji, liandike shimo hilo kama kisima kinachoingiza maji. Kama shimo liko ndani ya uwanja uliozungushiwa ukuta, litazame kwa makini. Uwanja wa mita 20 kwa 20 una ukuta wa mita 80, kina cha maji mita 8, na kwa zege yetu ukuta mzima unapitisha mita za ujazo 0.092 kwa siku kwa kila mita ya tofauti ya kimo. Ili kutoa 1.75 kupitia ukuta peke yake, maji ya ndani yangehitaji kupanda mita 19. Hayatapanda, yatatoka chini. Namba hii inaonyesha kwamba mara ukuta ukiwa mzuri kiasi, ubora wake hauna tena usemi, na kinachotawala ni ncha na ardhi iliyo chini yake.

Seli zilizo chini ya sakafu lazima zibaki hai, kwa sababu kimo chake ndicho kinachosukuma sakafu kwenda juu. Kimo cha mita 1.5 juu ya upande wa chini wa sakafu ni msukumo wa tani 1.5 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya zege ya nusu mita ina uzito wa tani 1.2. Hesabu hiyo ifanywe kwa bamvua maji yakiwa yamejaa, kwani wastani wa bahari ungekuonyesha sakafu salama wakati inaelea.

Sakafu na bwawa

Kwa kitu kilicholala, gawa unene kwa K. Sakafu ya mita 0.5 yenye K ya 0.0000864 ina ukinzani wa siku 5,787. Ikiwa tabaka la modeli lina unene wa mita 2, K yake ya wima iandikwe 2 ÷ 5,787, yaani 0.00035 mita kwa siku. K ya mlalo iache ilivyo kama nje ya sakafu ni udongo wa kawaida.

Karibu na bahari

Kuna ugonjwa mmoja wa visiwani: kuufanya mpaka kati ya maji baridi na maji ya chumvi kuwa sakafu isiyopitisha. Kanuni ya zamani inasema kila mita 1 ya maji baridi juu ya bahari ina takriban mita 40 chini yake. Kisima kinachoonyesha sentimita 30 juu ya bahari kina maji baridi kama mita 12 hivi. Wanaofunga modeli hapo kwenye mita 12 kisha wakaweka ukuta wa mita 8 wanapata mlango mwembamba wa mita 4 uliogandishwa. Lakini mpaka huo unasogea. Ukuta ukizuia maji baridi yasitoke, kimo nyuma yake hupanda na chumvi hushuka. Mbele yake, upande wa bahari, maji baridi hupungua na chumvi hupanda. Yeyote anayepima ukuta wa chini ya ardhi wa kulinda kisima, au tuta la kuzuia chumvi kwenye mabonde ya mpunga ya Pemba, atumie programu inayozingatia uzito wa maji ya chumvi, kwa mfano SEAWAT. HFB hufanya kazi ile ile, mpaka wa chini tu ndio unaoachwa huru.

Kwa kujaa na kupwa, hatua ya muda isizidi saa 1, kwani mzunguko mmoja ni saa 12.4. Wimbi la bahari hufifia likiingia nchi kavu. Kwenye ardhi tuliyotumia juu, yenye K ya 20, unene wa mita 8 na uhifadhi wa 0.15 (sehemu ya ujazo wa ardhi inayopokea au kutoa maji kimo kinapobadilika), linapungua hadi kama theluthi moja kila mita 13. Kwenye jiwe la uwanda ambalo K mara unene inafika 5,000, linahitaji mita 74. Mwenye jengo lililo mita 50 kutoka ufukweni hawezi kuiacha bahari nje ya hesabu kule Paje, ingawa kwenye ardhi ya mfano wetu angeweza.

Kupima kama modeli inavuja

Usiamini mchoro wa mistari ya kimo peke yake. Fanya jaribio hili kabla ya kitu kingine. Nakili modeli, funga chini ya uwanja, ondoa mvua, zima hali ya tabaka kubadilika unene, weka HFB zote 0.000001 kwa siku, na uingize lita 10 kwa siku ndani ya uwanja. Kwa ukuta wa mita 120 kwa kina cha mita 8 kimo cha ndani kinapaswa kupanda kama mita 10.4 kuliko nje. Kikipanda sentimita chache, kuna uso umesahauliwa, kwa kawaida kwenye pembe. Usiweke sifuri kamili kwenye jaribio hili. Seli zilizofungwa pande zote bila mpaka wowote hazina jibu moja, na programu itakwama au itatoa kimo cha ovyo.

Halafu kuna kosa la mizania, yaani tofauti kati ya maji yanayoingia na yanayotoka kwenye modeli. Modeli ya eneo kubwa inayopitisha mita za ujazo 5,000 kwa siku ikiwa na kosa la 0.1 kwa mia huonekana nzuri. Kosa hilo ni mita za ujazo 5, wakati ukuta wetu wa zege wa mita 80 wote unavuja 0.092 kwa mita ya kimo. Uvujaji unaousoma hapo ni kelele za hesabu. Kaza vigezo vya kumalizia hesabu, na utoe mizania ya uwanja wa ndani peke yake, uone unafunga.

Kisha ruhusu ukuta uwe na kasoro, kwa sababu utakuwa nazo. Kwenye matumbawe zege hukimbilia mapangoni na kuacha pengo. Endesha modeli mara moja ukiwa umeondoa uso mmoja wa HFB kwenye tabaka la chini, na mara nyingine namba zote zikiwa zimezidishwa kwa 10. Pengo moja na uvujaji wa jumla havifanani: pengo huleta chumvi pahala pamoja, kwa kasi.

Ukuta ukishajengwa, bahari yenyewe inakupa kipimo bila pampu. Weka vipima kimo kwenye bomba moja ndani na moja nje, visome kila dakika 10 kwa siku 15 ili vipite bamvua, maji mafu na bamvua tena. Vipimo vya namna hiyo vinahitajika pia kabla ya ujenzi, vinginevyo hutakuwa na cha kulinganisha. Kama wimbi la ndani limepungua sana na linachelewa kwa saa kadhaa, ukuta na ncha vyote vinazuia. Kama limepungua kidogo tu na linachelewa dakika chache, maji yanapita chini, na kinachohitaji kurekebishwa kwenye modeli ni K ya wima na kina cha ncha. Namba ya HFB iachwe kwanza. Iguswe tu baada ya mabomba mawili au matatu ya ndani kuonyesha mawimbi tofauti kati yao, kwani hapo ndipo pengo la ukutani linapojionyesha: bomba lililo karibu nalo hucheza kuliko mengine.